Kuchagua mafuta ya bawaba na raba za milango kwa gari linalokaa Malindi

Mlango wa gari ukianza kulia, wengi wetu hapa Malindi tunakimbilia kopo moja tu, lile la buluu na njano la WD-40. Linapulizwa kwenye bawaba, linapulizwa kwenye loki, linamaliziwa kwenye raba, na kelele inanyamaza siku hiyo hiyo. Wiki mbili tatu baadaye mlango unalia tena, na raba ya juu ya kioo imeanza kunata. Kopo halina kosa. Dawa hiyo ilibuniwa mwaka 1953 kule San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye chuma. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyusho kinachopaa hewani na kuacha utando mwembamba wa oili. Kwa kulegeza pini iliyokwama ni nzuri sana. Kuibebesha kazi ya grisi, tena miezi mitatu kando ya bahari, ni kuionea.

Msimamo wangu ni kwamba chuma na mpira havili mafuta mamoja, na kwa gari la pwani, kabla ya mafuta ya aina yoyote kuna chumvi ya kuondoa. Mtu wa Nairobi anaweza kuruka hatua hiyo ya chumvi akasalimika. Sisi hatuwezi.

Hatua ya kwanza: toa chumvi na mchanga

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kugeuka majimaji pale unyevu unapofika kama asilimia 75. Usiku wa Malindi mara nyingi unapita hapo. Ndiyo maana gari lililolala Silversands au barabara ya Casuarina huamka na maji ya chumvi ndani ya bawaba hata kama mvua haijanyesha kwa mwezi mzima. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, kwa sababu upepo unatoka baharini na kubeba rasharasha la mawimbi hadi barazani. Wanaokwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanajua habari hii bila kuambiwa na mtu. Na ukirudi kutoka Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, na lile vumbi jekundu, una chumvi na mchanga pamoja. Ukipaka grisi juu ya mchanganyiko huo, umetengeneza msasa wa majimaji unaosaga pini kila mlango unapofunguliwa.

Fungua milango yote, boneti na buti. Osha kwa maji matamu na sabuni kidogo ya maji, kwa mswaki wa zamani na tambara. Hapa pana mtego: maji ya visima katika mitaa mingi ya pwani yana chumvi. Ukiosha kwa maji ya kisima, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mfereji au ya mvua uliyoyakinga, la sivyo unarudisha kile ulichotoa. Mashine ya presha usiielekeze moja kwa moja kwenye bawaba, loki wala ukingo wa raba. Inang'oa grisi iliyobaki na kusukuma mchanga ndani zaidi, pahali ambapo mswaki haufiki.

Sasa chungulia chini ya kila mlango. Kuna matundu madogo ya kutolea maji yanayoingia kupitia kwenye kioo. Yakiziba, maji yanakaa ndani ya mlango, na mlango unaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Ya kuyazibulia iko nyuma ya jiko: chelewa moja ya ufagio. Haikwaruzi rangi kama waya, na inapinda kufuata njia. Chomeka, zungusha, mwaga maji kidogo uone kama yanatoka.

Acha milango wazi kivulini mpaka pakauke. Usifanye kazi hii juani saa saba mchana, kwa maana spreyi itapaa kabla ya kupenya.

Hatua ya pili: jua ni nini hasa kinacholia

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa pesa. Fungua mlango nusu, ushike kwenye ncha ya nyuma kwa mikono miwili, uuinue. Mlango ukipanda na kushuka, pini au bushi za bawaba (vile vibomba ambamo pini inazunguka) zimelika. Hapo hakuna grisi itakayosaidia. Mlango umeshuka, loki inagonga pini ya kwenye nguzo badala ya kuingia sawasawa, na kila ukiubamiza unazidi kuharibu. Mpelekee fundi abadilishe bushi kwanza.

Mlango ukiwa haujalegea lakini unalia, usiihukumu bawaba haraka. Kati ya bawaba ya juu na ya chini kuna mkono wa chuma unaouzuia mlango usifunguke wote kwa mkupuo, ule unaofanya mlango usimame katikati kwa hatua. Mara nyingi kelele inatoka hapo. Nilimwona kijana wa gereji akimwelewesha mzee mmoja mwenye Probox aliyekuja na neno lake moja tu, bawaba imeisha. Kijana akasema, "Ami, hebu weka kidole hapa, mimi nafungua." Mzee akaweka kidole juu ya bawaba, mlango ukalia, kidole hakikusikia kitu. Akahamishia kwenye ule mkono wa kati, mlango ukalia tena, naye akavuta kidole na kucheka. Mtetemo wote ulikuwa pale. Jaribu hivyo hivyo kwako kabla ya kufungua kopo lolote, ila kidole kikae juu ya chuma na si katikati ya mlango na nguzo.

Hatua ya tatu: bawaba na ule mkono wa kati

Kwa bawaba nachagua grisi nyeupe ya lithiamu ya kupuliza. Sababu yake ni ya kimsingi. Pini iko ndani ya bushi na nafasi kati yao ni ndogo mno, kwa hiyo grisi nzito ya kopo, ile ya kupaka beringi za magurudumu, inabaki nje kama pambo. Ile ya kupuliza huchanganywa na kiyeyusho. Ikiwa bado nyepesi inapenya, kisha kiyeyusho kinapaa na grisi inabaki ndani. Joto letu haliitishi. Grisi ya lithiamu huanza kuyeyuka karibu nyuzi 190, na boneti ya gari lililoegeshwa Lamu Road saa nane mchana haifiki hata nusu ya hapo.

Anza kwa kufuta mafuta ya zamani. Usipake mapya juu ya machafu, na usichanganye grisi usizozijua, maana baadhi zikikutana hupoteza ugumu wake na kutiririka. Bawaba ikiwa imekaza, hapo ndipo WD-40 inapata haki yake: puliza, fungua na kufunga mlango mara kadhaa, uone maji mekundu ya kutu yakitoka, futa, rudia mpaka yatoke safi. Acha pakauke. Kisha chomeka ule mrija mwembamba wa kopo la lithiamu juu ya bawaba, pale pini inapoanza, upulize kidogo. Fungua na kufunga. Puliza tena kidogo kwa chini. Halafu futa kilichobaki nje, chote. Grisi ya nje hailainishi kitu. Inakusanya mchanga, na Ijumaa itampaka kanzu nyeupe abiria wako akishuka msikitini.

Brashi ya waya iweke mbali na bawaba ambayo rangi yake bado nzima. Rangi ile ni kinga. Ukiikwangua umeifungulia chumvi mlango.

Ule mkono wa kati unataka kinyume chake: grisi nzito. Unasuguliwa kwa nguvu na rola au vibao vya plastiki, na kitu chepesi kinafutika siku mbili tatu. Hapa grisi ya kawaida ya lithiamu ya kopo, namba 2 (namba ya uzito wake, imeandikwa kwenye kopo), inafaa vizuri. Kiasi cha punje ya kunde kila upande, fungua na kufunga, futa ziada.

Kwa wanaoegesha karibu kabisa na maji kuna dawa ambayo wenye gari huisahau na wavuvi wanaitumia kila siku, nayo ni grisi ya mashine za boti. Imetengenezwa isioshwe na maji ya bahari. Kwa bawaba za boneti, bawaba za buti na mkono wa kati wa mlango, mimi naipa nafasi mbele ya grisi nyingine yoyote ya kopo. Ila isiguse raba, na sababu nitaieleza huko mbele.

Vipi oili ya injini? Tone mbili tatu za oili mpya kwenye pini ya bawaba si dhambi. Ni rahisi, inapenya, na kuna magari ambayo kitabu chake kinaagiza hivyo hivyo. Ubaya wake ni kutiririka, kwa hiyo utarudia mara kwa mara. Oili chafu ndiyo sitaki kuiona. Ina masizi, ina asidi, ina vumbi la chuma kutoka ndani ya injini, na kwa ngozi ya anayeipaka si salama. Najua watu wanapulizia magari chini oili chafu kukinga kutu, na zile raba za miguu ya gari zinalowa humo mpaka zinalainika. Mlangoni usiilete.

Hatua ya nne: loki, na boneti kabla ya zote

Loki ya mlango, ile iliyo kwenye ukingo na kung'ata pini ya nguzo, ipulizie kwanza dawa ya kusafisha, ichezeshe kwa bisibisi, ifute, kisha lithiamu ya kupuliza kidogo. Ukiifunga kwa bisibisi kama vile mlango umefungwa, kumbuka kuvuta mpini ili uifungue kabla ya kuubamiza mlango. Pini ya nguzo itie grisi nyembamba mno.

Loki ya boneti sitaki uipitie juu juu. Ipo mbele kabisa, inapokea upepo wa chumvi, mvua, wadudu na vumbi, na haina kifuniko. Ina sehemu mbili: inayoshika boneti, na ndoano ya akiba inayoizuia isifunuke ukisahau kuibana. Ndoano ile ikishikwa na kutu inabaki imerudi nyuma na haishiki tena. Wewe huoni tofauti yoyote mpaka siku uko barabara ya Mombasa, kilomita 80 kwa saa, boneti inafunuka na kukupiga kioo. Kila ukipima oili ya injini, ivute ndoano kwa kidole, iachie. Ikirudi yenyewe haraka na kwa nguvu, sawa. Ikisitasita, safisha kwa mswaki na dawa, kisha ipake grisi ya boti au ya lithiamu kwenye springi na mahali inapojizungusha. Usiondoke mpaka irudi yenyewe.

Tundu la ufunguo halitaki grisi wala oili, kwa sababu vitashika vumbi na vijipini vya ndani vitakwama. Vitabu vingi vinasema unga wa grafaiti. Kwa huku kwetu nina shaka nao: loki nyingi za magari zina zinki na aluminiamu ndani, na grafaiti ikilowa maji ya chumvi huharakisha metali hizo kulika. Afadhali spreyi kavu yenye PTFE, ile inayokauka na kuacha utando mweupe usionata. Pulizo moja fupi, ingiza ufunguo, toa, futa ufunguo.

Hatua ya tano: raba

Raba za milango ya magari mengi ya siku hizi zimetengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM. Mpira huu ni mvumilivu sana kwa jua, joto na mvua, na ndiyo sababu umechaguliwa. Udhaifu wake ni mafuta yanayotoka kwenye petroli. Oili ya injini, grisi ya lithiamu, grisi ya boti, WD-40, Vaseline, mafuta ya taa, vyote hivi vinaingia ndani ya mpira. Unavimba, unalainika, unapoteza umbo. Siku za kwanza unaonekana mweusi na mpya, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Kinachofaa ni silikoni. Iko ya kupuliza, na iko grisi ya silikoni ya tyubu. Ya tyubu inakaa muda mrefu zaidi kwa sababu haikimbizwi na mvua haraka. Honda, kwa mfano, huagiza kwa raba zake grisi ya silikoni ya Shin-Etsu ya Japani. Huhitaji jina hilo hasa. Grisi safi ya silikoni kutoka duka la spea inatosha, mradi usome kopo: iandikwe silicone, na isiwe na maelezo ya petroleum popote. Makopo mengine yana silikoni kidogo na mafuta mengine mengi.

Safisha raba kwa maji na sabuni, ukiinua mikunjo yake, kwani mchanga unajificha humo. Ikauke kabisa. Tia grisi kidogo kwenye tambara safi au kipande cha sponji, na si moja kwa moja juu ya raba, upake mzunguko mzima wa mlango. Usisahau raba ya buti na ile iliyobandikwa kwenye fremu ya gari lenyewe. Ngoja dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukipitisha kidole kisinyanyuke na utando. Kikinyanyuka nao, umepaka kupita kiasi.

Njia ya kioo, ile raba yenye manyoya ambayo kioo kinapanda na kushuka ndani yake, usiitie grisi hata ya silikoni. Manyoya yatashika mchanga na kioo kitachorwa mistari. Pitisha kitambaa kilicholowa kilichozungushiwa kijiti, ikauke, kisha pulizia silikoni kavu kidogo kwa mrija. Kama kioo chako kinapanda polepole kwa kusua, huenda mota ni nzima na shida ni mchanga tu.

Mafuta ya nazi? Nimeulizwa sana, tena na watu wazima ninaowaheshimu. Hayavimbishi mpira kama oili ya injini, hilo ni kweli. Lakini yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai zinafika huko. Yanakaa ukungu mweupe kwenye mikunjo, yanaita vumbi, yanaita sisimizi. Yaache jikoni. Na vijana wa kuosha magari wanaopaka raba dawa ya kung'arisha tairi, waambie kwa upole waache. Inanata, na inahamia kwenye buibui la anayeingia.

Silikoni nayo ina miiko yake. Isifike kwenye diski za breki, pedali, usukani wala kioo cha mbele, ambako hufanya ukungu unaometameta usiku wa mvua. Na ikiwa gari litakwenda kupigwa rangi karibuni, ahirisha zoezi zima, au mwambie mpiga rangi. Chembe ndogo ya silikoni juu ya bati huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara, na kazi nzima inarudiwa. Makopo yote ya spreyi yasibaki kwenye dashibodi. Mengi yameandikwa yasipite nyuzi 50, na gari lililofungwa juani linapita hapo bila shida.

Kujua kama raba bado inabana, funga mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka kwa taabu, raba inafanya kazi. Kikiteleza, sogea kiganja kimoja na urudie kuzunguka mlango wote, uweke alama palipolegea. Raba iliyopasuka au kubaki bapa haifufuki kwa silikoni. Badilisha, na ukinunua ya mtumba, ibinye: irudi yenyewe.

Mlango wa kuvuta wa matatu

Hiace na Noah zina habari yao. Mlango unakwenda juu ya rola zinazopita kwenye reli tatu: juu, katikati kwa nje, na chini chini ya ngazi. Ile ya chini inakanyagwa na kila abiria anayepanda na mchanga wake wa ufukweni. Makanga wanaijaza grisi, mlango unateleza vizuri asubuhi moja, kisha grisi inageuka udongo mweusi na rola zinalika upande mmoja. Zisafishe reli mpaka chuma kionekane, uziache kavu au uzipulizie PTFE kavu. Grisi iende kwenye beringi za rola tu, na kidogo kwenye loki ya nyuma.

Mara ngapi

Gari linalolala ufukweni: bawaba na loki kila miezi mitatu, raba kila miezi miwili mitatu. Linalolala ndani kidogo, Barani au Maweni, miezi sita inatosha kwa bawaba. Lakini baada ya kusi kwisha, kila gari lipitiwe, lilale popote.

Ukiliacha gari Mokowe

Wanaokwenda Lamu huacha gari Mokowe na kuvuka kwa boti, na wengine hukaa huko kisiwani wiki nzima gari likiwa limesimama karibu na maji. Mlango usiofunguliwa siku nyingi, juani, na chumvi katikati ya raba na rangi, hushikamana. Kabla ya kuvuka, futa ukingo wa milango kwa kitambaa cha maji matamu, ukaushe, na uzipitishie raba silikoni kidogo. Ukirudi ukakuta mlango umeganda, usiuvute kwa mpini kwa nguvu, kwa sababu raba itachanika au mpini utabaki mkononi. Usukume kwanza ndani kwa kiganja kuzunguka ukingo wote, hasa kona ya juu ya nyuma, kisha vuta polepole. Ukikataa bado, mwagia maji vuguvugu ukingoni, ngoja dakika chache, usukume tena, na uingilie mlango mwingine ikibidi ili huu uusukume kutoka ndani.